GARI LINAPOZIMIKA BILA KUAGA

Maradhi ya gari kuukuu ni mengi, lakini aghalabu hujitangaza yenyewe. Rediata inayovuja huacha dimbwi chini ya gari. Gurudumu lililotoboka hulala. Betri iliyokwisha hutambuliwa hata na mtoto anayesikia stata ikigugumia alfajiri. Fundi akifika huikuta hali kama alivyoelezwa, naye hujua pa kuanzia.

Uko, hata hivyo, ugonjwa mmoja usio na adabu hiyo. Gari huondoka Mbagala asubuhi likiwa zima kabisa, hupita Mtoni bila kishindo, na linapokaribia Bandarini injini hukata ghafla kana kwamba mtu ameufunga ufunguo. Dereva hulisogeza pembeni, hufungua boneti, hugusa waya huu na ule asijue anatafuta nini. Baada ya dakika kumi hupiga stata, na injini huwaka kama haikuwa na lolote. Jioni gari hufikishwa kwa fundi. Fundi huliwasha mara kumi, nalo huwaka mara zote kumi.

Huu ndio ugonjwa unaomkimbia daktari. Na kwa kuwa hauonekani, hutibiwa kwa kubahatisha. Leo hununuliwa plagi, Jumamosi koili, mwisho wa mwezi betri. Kila kifaa hulipiwa fedha ambayo ilikuwa na kazi nyingine nyumbani: sare za shule, kodi ya chumba, dawa ya bibi. Kwa jamaa ambao gari hilo ndilo teksi yao, ama ndilo linalopeleka mboga sokoni, kila siku linayolala gereji ni siku isiyo na kipato.

Shabaha ya makala haya ni kumwonyesha ndugu msomaji kwamba ugonjwa wa kuja na kuondoka hauponywi kwa kununua vifaa, bali kwa kuunasa ukiwa kazini. Tunazungumzia magari ya petroli ya zamani yenye koili, distributa na pointi, kama vile Volkswagen Beetle, Peugeot 404 na Land Rover za miaka ya 1960 na 1970. Yamepungua, lakini hayajakwisha.

SAFARI YA CHECHE

Hawezi mtu kumtafuta mwizi katika nyumba asiyoijua milango yake. Kwa hiyo tuanze na njia ambayo umeme huipita.

Petroli iliyochanganyika na hewa ndani ya silinda haiwaki mpaka ipate cheche. Cheche hiyo hurukia kwenye ncha ya plagi, na ili iruke yahitajika nguvu ya maelfu mengi ya volti. Betri ya gari ina volti 12 tu. Kazi ya kuzikuza volti hizo ni ya koili. Mpango huu si mgeni: ulibuniwa na mhandisi Charles Kettering wa Marekani, na magari ya Cadillac ya mwaka 1910 yalikuwa ya mwanzo kuutumia.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni njia ya umeme mdogo. Umeme hutoka betri, hupita kwenye swichi ya ufunguo, huingia koili, kisha hushuka kwenye pointi zilizomo ndani ya distributa na kurudi betri kwa kupitia chuma cha gari, njia ambayo mafundi huiita ethi. Pointi zikifungana, umeme hupita na koili hujaa nguvu. Pointi zikiachana, umeme hukatwa ghafla, na mkato huo ndio unaoifanya koili itoe mshindo wa volti nyingi. Kondensa, kile kikopo kidogo kilichofungwa kando ya pointi, huhakikisha kwamba mkato ni safi na kwamba pointi haziungui.

Ya pili ni njia ya umeme mkubwa. Mshindo ule hutoka katikati ya koili kwa waya mnene, huingia katikati ya kifuniko cha distributa, huikuta roto ikizunguka, nayo roto huugawa kwa zamu kwenye nyaya za plagi.

Sasa tazama ukubwa wa kazi hiyo. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa kila sekunde. Katika safari ya saa moja pointi hufunguka na kufunga mara 360,000. Hata hivyo mtambo huu si dhaifu. Peugeot 404 aliyoendesha Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena mwaka 1967, katika matope na vumbi ambalo kila dereva wa nchi hizi analifahamu. Kinachouangusha mtambo huu ni kiungo kimoja kilicholegea, kilichoungua au kilicholowa.

JE, NI CHECHE AU NI PETROLI?

Wengi huikosa njia hapa mwanzoni kabisa. Gari likizimika, mmoja husema kabureta, mwingine husema koili, na kila mmoja hufungua anachokipenda.

Sikiliza kwanza jinsi injini ilivyokufa. Injini iliyokosa petroli kwa kawaida hufa kwa kusuasua: nguvu hupungua, gari hujivuta, hukohoa, hupata nafuu kidogo, kisha hulala. Injini iliyokosa cheche hufa kwa mkato mmoja, kama taa iliyozimwa. Dalili hii si hukumu ya mwisho, maana waya uliolegea waweza kuleta kusuasua pia, lakini huonyesha upande wa kuanzia.

Wapo wanafiki wawili wa upande wa petroli wanaopenda kujifanya cheche. Wa kwanza ni mfuniko wa tangi usiopitisha hewa. Petroli inapotumika na hewa isiingie kujaza nafasi yake, mvuto hujengeka ndani ya tangi mpaka petroli hukataa kutoka. Dereva akifungua mfuniko husikia hewa ikiingia kwa mlio, na gari huwaka. Wa pili ni petroli kuchemka na kuwa mvuke ndani ya bomba lililo karibu na injini yenye joto kali, jambo ambalo gari lililopakia hupambana nalo katika mlima kama ule wa Kitonga, mkoani Iringa. Injini ikipoa, mvuke hugeuka petroli tena na safari huendelea. Ndugu msomaji asiyewajua wanafiki hawa atanunua koili tatu na gari litaendelea kuzimika.

Dalili nyingine muhimu imo kwenye dashibodi. Injini inapokufa huku ufunguo ukiwa bado umefunguliwa, taa nyekundu ya chaji na ile ya oili sharti ziwake. Zisipowaka, basi umeme hautoki hata kwenye swichi: ugonjwa uko kwenye swichi yenyewe, kwenye fyuzi, au kwenye waya mkuu utokao betri. Kutazama taa hizo kwa nukta moja kabla ya kugusa ufunguo huokoa siku nzima ya gereji.

DAFTARI LA GARI

Silaha ya kwanza dhidi ya ugonjwa unaojificha si spana. Ni daftari na kalamu. Liwekwe ndani ya gari, na kila linapozimika yaandikwe mambo matano: saa; injini ilikuwa na joto au baridi; mvua au jua; barabara laini au yenye mashimo; na dakika ngapi zilipita kabla halijawaka tena. Kazi hii yafaa apewe kijana wa nyumbani aliyezoea kupanda gari hilo, maana dereva ana barabara ya kutazama.

Baada ya kuzimika mara nne au tano, daftari huanza kusema. Ikiwa gari huzimika likishapata moto na kuwaka likishapoa, shuku koili au kondensa. Joto hutanua waya mwembamba uliokatika ndani ya koili, ama hudhoofisha kinga yake, na ubaridi huurudisha. Katika magari yaliyokuja baadaye yasiyo na pointi, kisanduku cha elektroniki kilichochukua nafasi yake nacho hufa kwa joto namna hiyo hiyo.

Ikiwa huzimika au humisi wakati wa masika, ama mara tu baada ya injini kuoshwa, shuku kifuniko cha distributa na nyaya za plagi. Unyevu hufanya njia ya mkato, na umeme mkubwa hukimbilia kwenye chuma badala ya plagi. Ikiwa huzimika kwenye mashimo, shuku viungo: vichwa vya betri, waya wa ethi, nati za koili, na nyuma ya swichi. Ikiwa humisi likipanda mlima tu na kutulia kwenye tambarare, shuku plagi na nyaya zake, kwa sababu injini ikielemewa shinikizo ndani ya silinda huongezeka, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili iruke.

Na ikiwa injini huwaka ufunguo ukiwa kwenye stata, lakini hufa mara ufunguo unapoachiwa, tazama swichi na kile kipingamizi kidogo cha umeme ambacho magari mengine hukiweka kabla ya koili. Wakati wa kuwasha, umeme hukikwepa. Wakati wa kwenda, hulazimika kukipita. Kikikatika, matokeo ni hayo hayo.

KUPIMA KANDO YA BARABARA

Gari likifa njiani, usikimbilie kuliwasha tena. Dakika zile chache za kufa kwake ndizo dakika za dhahabu, kwani ugonjwa uko nyumbani. Lisogeze mbali na barabara, weka pembetatu za hatari, vuta breki ya mkono na uhakikishe gia iko huru. Sigara izimwe. Kama pana harufu ya petroli, usifanye kipimo chochote cha cheche. Umeme wa koili hutupa mtu kwa nguvu, na mwenye mashine ya moyo mwilini asiukaribie kabisa.

Vifaa ni vichache: plagi moja nzima ya akiba, taa ndogo ya kupimia yenye nyaya mbili, kipande cha waya wenye klipu, bisibisi na kitambaa kikavu. Watu wawe wawili, mmoja kwenye ufunguo na mmoja kwenye injini.

Kwanza, chomoa ule waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distributa, uuvike plagi ya akiba, na mwili wa plagi ubanwe kwa klipu kwenye chuma safi cha injini, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono. Mwenzako apige stata. Cheche kali ya rangi ya buluu ikiruka, njia ya umeme mdogo ni nzima na koili inafanya kazi. Mgonjwa yuko mbele, kwenye roto, kifuniko, nyaya au plagi. Pasipo cheche, ama ikiwa ya manjano na dhaifu, mgonjwa yuko nyuma. Kwa kipimo hiki kimoja nusu ya njia imeondolewa katika mashaka. Angalizo: katika gari lenye elektroniki usiuache waya huo ukining'inia bila plagi iliyogusa chuma, kwani waweza kuunguza kisanduku chake.

Pili, ikiwa cheche haipo, fungua ufunguo na uchukue taa ya kupimia. Tunasema hapa magari ambayo upande hasi wa betri umefungwa kwenye bodi, kama yalivyo mengi. Mguu mmoja wa taa uguse chuma, wa pili uguse kichwa cha koili kinachotoka kwenye swichi. Katika koili nyingi za Ulaya kimeandikwa 15 au alama ya kujumlisha. Taa isipowaka, umeme haufiki koili: rudi nyuma kwenye swichi. Ikiwaka, hamia kichwa cha pili kinachokwenda distributa, chenye namba 1 au alama ya kutoa, na mwenzako apige stata. Taa sharti icheze, iwake na kuzimika kwa kufuata pointi.

Isipocheza, yenyewe itakuambia. Ikibaki imewaka, umeme unafika pale lakini hauna njia ya kurudi: pointi hazifungani, zina uchafu, au waya ndani ya distributa umekatika. Ikibaki imezimika, ondoa kwenye koili ule waya uendao distributa na utazame tena. Sasa ikiwaka, koili haikukatika, na ndani ya distributa kuna kitu kinachogusa chuma, labda kondensa iliyotoboka au waya uliochubuka, ama pointi hazifunguki. Isipowaka bado, koili imekatika ndani.

Tatu, ikiwa cheche ya koili ni nzuri, fungua kifuniko cha distributa. Kifute, ukitazame kwenye mwanga. Mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, ni njia ambayo umeme umejichimbia. Kifuniko hicho hakifai tena. Tazama kama kile kijiti cha kaboni cha katikati kipo na kinarudi kwa springi. Roto nayo yaweza kutoboka chini, mahali pasipoonekana, umeme ukamalizikia kwenye mhimili wake. Usiku, injini ikizunguka na boneti likiwa wazi gizani, nyaya mbovu hujionyesha zenyewe kwa miali ya buluu. Tazama kwa macho, usiguse.

TAA YA MLINZI

Vipimo hivi vyote vyahitaji gari libaki limekufa. Je, ikiwa hufa kwa nukta tatu tu na kufufuka lenyewe?

Hapo mwekee mlinzi. Chukua taa ndogo ya volti 12, ya wati 2 au 3. Waya wake mmoja, wenye fyuzi ndogo, ufungwe kwenye kile kichwa cha koili kinachopokea umeme wa swichi. Upitishwe mbali na feni na mabomba ya moto mpaka ndani ya gari. Waya wa pili ufungwe kwenye chuma cha bodi. Taa itawaka muda wote ufunguo ukiwa umefunguliwa. Abiria, wala si dereva, ndiye wa kuitazama.

Injini ikikata na taa ikazimika papo hapo, mwizi yuko kati ya betri na koili. Injini ikikata na taa ikabaki inawaka, swichi na nyaya zake hazina hatia. Mtafute mwizi kwenye koili, ndani ya distributa au mbele yake. Usiifunge taa hiyo kwenye kichwa cha pili cha koili kisha ukaondoka nayo, kwani huko itanyonya nguvu ya cheche, na wewe utakuwa umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

MFANO WA WAYA WA KIDOLE KIMOJA

Tuseme yuko mzee mmoja mstaafu mwenye Peugeot 404, naye hupeleka abiria wa kukodi ili kuongezea pensheni. Gari huzimika linapotembea kwa mwendo wa wastani, mguu ukiwa mwepesi juu ya mafuta. Likisimama, huwaka. Ameshabadilisha plagi, koili na kondensa. Binti yake ameandika daftari kwa majuma mawili: joto halihusiki, mvua haihusiki, mashimo hayahusiki. Wamefunga taa ya mlinzi, nayo ilibaki inawaka injini ilipokata.

Mzee anafika gereji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuja unibadilishie kitu. Nimekuja na daftari."

Fundi anasoma, anatafakari. "Taa ilibaki inawaka, mzee?"

"Ilibaki. Binti yangu aliiona kwa macho yake, mara mbili."

"Na huzimika ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu, siyo ukikanyaga sana?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Basi, mzee wangu, swichi tumeiacha. Naomba nifunue distributa."

Kwa nini fundi aende huko moja kwa moja? Kwa sababu kando ya distributa nyingi kuna kopo dogo la bati lililounganishwa kwa mpira na kabureta. Mguu unapokuwa mwepesi juu ya mafuta, mvuto wa injini huwa mkubwa, nao hulivuta kopo hilo. Kopo huizungusha kidogo sahani iliyobeba pointi ili cheche iwahi. Sahani hiyo imefungiwa waya laini, mfupi kama kidole, unaopindana na kukunjuka kila mara. Baada ya miaka mingi nyuzi zake za shaba hukatika moja baada ya nyingine ndani ya ngozi yake, na kwa nje waya huonekana mzima.

Sasa siri imefunuka. Injini ikienda, mvuto huizungusha sahani, waya huachana, cheche hupotea, injini hufa. Injini ikishakufa, mvuto huisha, sahani hurudi mahali pake, nyuzi hugusana. Gari huwaka mbele ya fundi kwa sababu kule kusimama kwenyewe ndiko kunakoliponya kwa muda.

Kipimo chake ni rahisi. Injini isizunguke, pointi ziwe zimefungana, ufunguo ufunguliwe, taa ya kupimia iguse kichwa cha koili kinachokwenda distributa. Taa itakuwa imezimika. Isogeze sahani ya pointi taratibu kwa kidole, upande ule inakovutwa na kopo. Taa ikimeta hata mara moja, waya ndio huo. Usichelewe katika kipimo hiki, maana ufunguo ukiwa wazi na pointi zimefungana kwa dakika nyingi, koili hupata joto na kuharibika.

Koili ya zamani ya mzee huyo ilikuwa nzima, plagi zake zilikuwa nzima, na kondensa yake ilikuwa nzima.

KIMOJA KWA WAKATI WAKE

Kutokana na mfano huu twapata kanuni ambayo kila mwenye gari aishike. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Ukibadilisha koili, kondensa na nyaya siku moja, na gari likapona, hutajua lilichopona. Huenda lilipona kwa sababu tu mkono ulipopita uligusa waya uliolegea, na kesho utalegea tena. Badilisha kimoja, jaribu gari katika hali ile ile iliyoandikwa kwenye daftari, na kama hapana mabadiliko, rudisha kile cha zamani na ukiweke kipya kuwa akiba.

Wala usiamini kwamba kila kipya ni kizima. Kondensa mpya isiyo na ubora yaweza kufa mapema kuliko ile iliyotolewa. Kwa sababu hiyo, kifaa cha zamani ambacho hakikuthibitika kuwa kibovu kisitupwe. Kifungwe kwa karatasi, kiandikwe tarehe, kiwekwe ndani ya buti.

Mita ya umeme nayo husaidia, ila isiabudiwe. Njia ndogo ya koili nyingi za volti 12 zisizotumia kipingamizi cha nje husoma takriban omu 3 hadi 4. Lakini koili yaweza kusoma vizuri ikiwa baridi na kukatika ikiwa moto, kwa hiyo ipimwe pale pale gari linapokufa. Nafasi ya pointi ipimwe kwa geji, siyo kwa jicho: kwa Volkswagen Beetle ni milimita 0.40, na kwa magari mengine ifuatwe kama kitabu cha gari kinavyosema. Kile kisigino kinachosugua mhimili wa distributa huliwa polepole; nafasi hupungua, cheche huchelewa, na mwishowe pointi hukataa kufunguka. Tone dogo la grisi mahali pale huongeza maisha yake.

MAISHA KWANZA

Gari linalozimika ovyo si usumbufu tu. Injini ikikata, kisaidizi cha breki, kwa magari yaliyo nacho, hubakiza nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Baada ya hapo breki huwa ngumu kama jiwe. Dereva akibabaika na kuufunga ufunguo kabisa huku gari likienda, usukani wa magari mengi waweza kujifunga. Kwa hiyo gari likikata, ufunguo usiguswe mpaka liwe limesimama pembeni. Na mpaka ugonjwa utakapopatikana, gari hilo lisibebe watoto usiku, wala lisipelekwe kwenye njia yenye makutano ya reli au milima mirefu. Kama ndilo teksi, ni heri kupoteza nauli za siku mbili kuliko kumwacha abiria katikati ya barabara ya malori.

Familia yenye gari kuukuu basi ijiwekee utaratibu. Daftari liwemo ndani ya gari. Plagi moja, taa ya kupimia na waya wenye klipu viwe kwenye buti pamoja na jeki. Mtu wa pili nyumbani, awe mama, kaka au binti, afundishwe kupiga stata kwa ishara na kusoma taa. Na fundi aendewe na habari kamili: gari lilizimika lini, likiwa katika hali gani, taa zipi ziliwaka na kipimo kipi kimeshafanywa. Fundi hodari atafurahi kuipata habari hiyo, na yule anayebahatisha atajulikana mara moja, kwa maana hataiuliza.